Kunyoa kwa Brashi, Povu na Wembe Mmoja

Kunyoa kwa maji ni kunyoa ndevu zilizoloweshwa zikalainika, juu ya povu la sabuni lililopigwa kwa brashi, kwa wembe mmoja unaoongozwa na mkono. Kwa vizazi vingi hapakuwa na njia nyingine, na Kiswahili chenyewe ni shahidi: methali inayomwambia mtu atie zake maji akimwona mwenzake ananyolewa isingeeleweka mahali ambapo nywele hunyolewa kavu. Mashine za umeme za vinyozi, na nyembe za plastiki za kutupwa, ziliufanya ule muda wa kulowesha uonekane hasara. Hata hivyo tangu mwanzoni mwa karne ya 21 wamezidi watu, hasa Ulaya, Marekani na Asia, wanaonyoa hivi kwa kupenda, kama wengine wanavyopenda kulima bustani au kupika siku ya mapumziko.

Raha yake haitokani na uso laini peke yake, maana uso laini hupatikana hata kwa njia za haraka. Ipo katika kazi ya mikono: robo saa ya maji ya moto, harufu ya sabuni, na wembe unaosikika ukikata. Sehemu kubwa ya raha hiyo imo ndani ya povu kuliko ilivyo kwenye wembe. Hapo ndipo wengi wanaoanza hukosea. Hununua kishikio cha bei kubwa, wakakitumia juu ya povu la hovyo, kisha wakalaumu wembe.

Kabla ya karne ya 20 chombo kilikuwa wembe wa kukunja: bapa la chuma lenye makali upande mmoja, linaloingia katika mpini wake kama kisu cha mfukoni. Miji miwili ilijipatia jina kwa kutengeneza nyembe hizo, Sheffield nchini Uingereza na Solingen nchini Ujerumani, na mwaka 1938 jina la Solingen lililindwa kwa sheria ili lisigongwe kwenye chuma kilichofuliwa kwingine. Wembe huo ulitaka mkono uliozoea, kwa hiyo wengi walimwachia kinyozi. Katika karne ya 18 fundi wa visu wa Paris, Jean-Jacques Perret, aliuvisha kikinga cha mbao kilichoacha ukingo mdogo tu wa makali nje, na mwaka 1880 ndugu wa ukoo wa Kampfe, huko New York, walipata hataza ya wembe mfupi wenye kikinga na mpini wake.

Mabadiliko makubwa yaliletwa na King Camp Gillette, mchuuzi wa kampuni aliyekuwa akizunguka miji ya Marekani. Aliwaza wembe mwembamba, rahisi, wa kutumiwa hadi makali yaishe kisha utupwe. Wajuzi wa chuma walimwambia bati jembamba namna ile halinoleki. Mhandisi William Nickerson, aliyesoma MIT, ndiye aliyepata njia. Mwaka 1903, wa kwanza wa biashara, viliuzwa vishikio 51 na nyembe 168 tu. Hataza ilitoka tarehe 15 Novemba 1904. Mwaka 1918 jeshi la Marekani liliagiza vishikio milioni 3.5 na nyembe milioni 32 kwa ajili ya askari wake, na askari hao walirudi makwao wamezoea kujinyoa wenyewe kila asubuhi.

Wembe ule wa makali mawili haujabadilika sana tangu wakati huo. Una urefu wa sentimita 4 na kidogo, upana wa sentimita 2 na kidogo, na unene wa milimita 0.1. Kilichobadilika ni mshindani wake. Mwaka 1971 Gillette ilitoa Trac II, kichwa cha plastiki chenye nyembe mbili zilizofuatana, na kutoka hapo idadi ikapanda hadi tatu, nne, tano. Katika vichwa hivyo wembe wa kwanza huushika unywele na kuuvuta kidogo, na unaofuata huukata kabla haujarudi ndani. Matokeo yake unywele hukatwa chini ya usawa wa ngozi. Uso huwa laini sana siku hiyo. Kwa mwenye nywele za kujikunja, deni hulipwa siku mbili baadaye, kama itakavyoelezwa.

Nchini Tanzania na Kenya wembe wa makali mawili haukuwahi kuondoka dukani. Huuzwa hata mmoja mmoja ukiwa ndani ya karatasi yake, hufumulia mishono, hukatia kucha, na watoto wa shule huchongea penseli. Kwa hiyo anayetaka kuanza tayari anacho kile kitu ambacho mwenzake wa Ulaya hukitafuta katika maduka maalumu, na tena kwa bei nafuu. Anachokosa ni kishikio, brashi na sabuni inayofaa. Wembe mtupu ulioshikwa kwa vidole haufai kwa uso, hata kwa mkono mzoefu, kwa sababu hakuna kinachozuia pembe yake isibadilike.

Kishikio ni mpini wenye kichwa cha kubania wembe kati ya mabamba mawili. Kuna cha vipande vitatu, kinachofunguliwa chote. Cha vipande viwili, ambacho kichwa hulegea kwa kuzungusha mpini. Na cha milango miwili inayofunguka juu kama mbawa za kipepeo. Cha vipande vitatu ndicho rahisi kusafisha na hakina cha kuharibika. Jambo la kuangalia zaidi ni ukali wa kichwa, yaani kiasi cha wembe kinachojitokeza na nafasi iliyopo kati ya makali na kikinga. Vyenye kikinga kizima, kama Merkur 34C au Mühle R89 vya Ujerumani na Edwin Jagger DE89 cha Sheffield, ni vipole na vimewafunza wengi. Vyenye kikinga cha meno kama kitana hupitisha ndevu ndefu na povu zito bila kuziba, na baadhi yake ni vikali; anayenyoa mara moja kwa wiki huvipenda. Uzito nao ni msaada, kwa sababu kishikio kizito hukata kwa uzito wake na mkono haushawishiki kukandamiza.

Nyembe hazifanani, ingawa kwa macho ni zilezile. Tofauti iko katika chuma, namna ya kunoa, na utando wa kromu au wa plastiki ya kuteleza unaopakwa kwenye makali. Feather za Japani zina sifa ya ukali mkubwa, na kwa mkono mgeni ukali huo ni adhabu. Derby za Uturuki huhesabiwa kuwa pole. Kwa ndevu ngumu huonekana butu. Wembe unaomfaa mmoja humkwaruza mwingine, basi njia ya busara ni kununua aina nne au tano kwa uchache, kutumia kila moja kwa kishikio kilekile na sabuni ileile, na kuandika kilichotokea. Kubadilisha vitu viwili kwa pamoja hakufundishi chochote.

Wembe mmoja hudumu kati ya mara tatu na saba. Ajabu ni kwamba chuma kigumu kinashindwa na unywele ulio laini kuliko chenyewe. Mwaka 2020 watafiti wa MIT, katika jarida la Science, walionyesha kwa darubini kwamba makali hayaliki polepole tu kama watu walivyodhani. Unywele ukipinda chini ya wembe, hubandua vipande vidogo mno pale ambapo chuma hakina usawa. Unywele unaposimama wima na kulainika, madhara hayo hupungua. Kulowesha ndevu, kumbe, ni kuutunza wembe pia. Wembe ulioanza kuvuta badala ya kukata utupwe bila kuonewa huruma, hata kama ni wa pili tu.

Wembe hauazimwi wala hauazimishwi. Virusi vya UKIMWI na vya homa ya ini huweza kubebwa na tone la damu lisiloonekana, na onyo hili limo katika elimu ya afya ya Afrika Mashariki tangu kampeni za miaka ya 1980 na 1990. Kwa anayenyolewa kwa kinyozi, haki yake ni kuona karatasi ya wembe mpya ikifunguliwa mbele ya macho yake.

Brashi hufanya kazi tatu: kuchanganya sabuni, maji na hewa viwe povu, kuinua ndevu zilizolala, na kusugua taka za ngozi. Manyoya ya melesi, mnyama wa Ulaya na Asia aliye wa jamii moja na nyegere, hushika maji mengi, ni laini, na bei yake si ya kila mtu. Manyoya ya nguruwe ni magumu zaidi. Hulowekwa dakika chache kabla ya kazi, na baada ya wiki kadhaa ncha zake hupasuka na kuwa laini. Omega ya Italia inajulikana kwa brashi hizo. Kwa Mwislamu asiyetaka kitu cha nguruwe kigusane na uso wake swali hili si dogo, na wauzaji wengi hawaandiki waziwazi. Neno “manyoya halisi” kwenye brashi ya bei ndogo mara nyingi humaanisha ya nguruwe.

Brashi za nyuzi za plastiki zinamaliza mjadala. Miaka ya nyuma zilikuwa mbaya, siku hizi ni nzuri kiasi kwamba hakuna sababu ya anayeanza kutafuta nyingine. Hazihitaji kulowekwa, hutumia sabuni kidogo, na hukauka upesi, jambo lenye maana katika unyevu wa pwani ambako manyoya huota ukungu. Hazibebi ugonjwa wa mnyama pia. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia askari wa Uingereza na Marekani waliugua kimeta kutokana na brashi za manyoya ya farasi yasiyosafishwa sawasawa kiwandani. Brashi ya aina yoyote ikishatumika huoshwa hadi maji yatoke meupe, hukung’utwa, na kuachwa mahali penye hewa. Kuifungia kabatini ingali mbichi ni kuiua.

Sabuni ya kunyolea si sabuni ya kuogea iliyobadilishwa karatasi. Kipande cha kuogea hutengenezwa kwa sodiamu, hutoa mapovu makubwa yanayopasuka upesi, na huacha ngozi kavu. Sabuni ya kunyolea huwa na potasiamu pamoja na sodiamu, na asidi ya steariki kwa wingi; ndiyo inayolipa povu uzito na uwezo wa kukaa usoni dakika kumi bila kuanguka. Krimu za tyubu, kama Proraso ya Italia, ni rahisi kwa anayejifunza kwa sababu zina maji tayari. Kijiti cha Arko cha Uturuki husuguliwa moja kwa moja kwenye ndevu mbichi, ni cha bei nafuu, na kina harufu ambayo watu ama huipenda ama huikimbia. Nyumba za London, kama Truefitt & Hill iliyoanza mwaka 1805, huuza sabuni kwenye bakuli za mbao kwa bei inayohusu bakuli na jina kuliko povu. Povu zuri lililopigwa kwa krimu ya kawaida ni afadhali kuliko povu bovu la sabuni ya kifahari.

Maji nayo yana tabia. Visima vilivyochimbwa katika miamba ya matumbawe, kama ilivyo sehemu nyingi za mwambao na visiwani, hutoa maji yenye chokaa. Chokaa hushikana na sabuni ikawa utando wa kijivu unaoelea, na povu likakataa. Anayekutana na hali hiyo asilaumu brashi. Maji ya mvua humaliza tatizo. Yasipopatikana, kuyachemsha na kuyaacha yatulie huondoa sehemu ya chokaa, na kuongeza sabuni hufidia iliyobaki.

Kupiga povu ndiyo sehemu inayostahili kujifunza polepole, hata siku ambayo mtu hanyoi. Brashi huloweshwa kwa maji ya moto, hukung’utwa mara mbili hadi iache kudondosha, kisha huzungushwa juu ya sabuni kwa nusu dakika hivi. Mapovu ya kwanza ni makubwa kama ya dobi na hayana thamani. Brashi ikiendelea kuzunguka, mapovu hayo hupotea na mahali pake huja kitu kizito, cheupe, kinachonata kama gundi kwenye ncha za manyoya. Hapo sabuni imetosha. Brashi huhamia kwenye bakuli, au usoni moja kwa moja, na maji huongezwa kwa matone, robo kijiko kwa wakati, huku ikizungushwa bila haraka.

Sasa povu lenyewe huanza kusema. Likiwa halijapata maji ya kutosha husimama na vilele vigumu, halina mng’ao, na likipakwa hukaukia shavuni kabla wembe haujafika. Likizidi maji huteremka kidevuni hadi shingoni. Kati ya hali hizo mbili kuna hatua fupi ambapo povu hung’aa kama hariri, vilele vyake huinama, na mapovu hayaonekani kwa macho, mfano wa mtindi mzito. Kidogo kikisuguliwa kati ya kidole gumba na cha shahada, vidole huteleza kana kwamba vimepakwa mafuta. Kosa la karibu kila anayeanza ni kuogopa maji. Hulisimamisha povu mapema kwa kuwa linaonekana nene na zuri, kumbe unene siyo mtelezo. Wembe hupita juu ya mtelezo.

Kabla ya povu kugusa uso, ndevu zinahitaji maji ya vuguvugu kwa dakika mbili au tatu. Unywele hunywa maji, huvimba, na nguvu inayotakiwa kuukata hupungua sana. Kuoga kwanza ndiyo njia rahisi. Asiye na maji ya moto bombani hutumia chupa ya chai na taulo dogo: taulo hukamuliwa, hubandikwa usoni, hurudiwa lilipopoa. Brashi hupaka kwa kuzunguka, kinyume na ndevu zinavyolala, na kumalizia kwa kupiga kama anayepaka rangi ukutani.

Ramani ya uso huchorwa siku ambayo ndevu zimeota siku mbili. Kidole kikipitishwa upande mmoja hupita bila kizuizi, upande wa pili hukwama kama kwenye msasa. Upande wa kupita ndio mlalo wa ndevu. Mashavuni kwa kawaida hushuka chini, lakini shingoni hukaidi: upande mmoja huenda kando, mwingine hupanda juu, na chini ya taya huweza kuzunguka kama nywele za utosini. Watu wengi wamenyoa shingo zao kinyume na mlalo kwa miaka bila kujua, na vipele vyao vina maelezo hayo tu.

Pembe ya wembe na ngozi ni karibu nyuzi 30. Hakuna haja ya kuipima. Kichwa cha kishikio huwekwa shavuni, mpini ukiwa umenyooka kutoka usoni, kisha mpini hushushwa taratibu huku kichwa kikitelezeshwa, mpaka mkono usikie wembe unaanza kushika. Hapo ndipo. Mapigo ni mafupi, sentimita mbili au tatu, na mkono haukandamizi. Sikio husaidia kuliko jicho: ndevu zinazokatwa vizuri hutoa sauti kavu, ya kukwaruza, inayofanana na kisu juu ya mkate uliookwa. Sauti ikipotea, pembe imepotea au ndevu zimekwisha mahali hapo. Wembe hausogezwi kando hata kidogo, maana makali yanayokwenda kwa upande wa urefu wake ndivyo yanavyochana. Mashavu huanza kwa kuwa ni tambarare. Kidevu na mdomo wa juu huachwa mwisho, povu likiwa limelainisha nywele ngumu za hapo kwa muda mrefu zaidi. Juu ya koo ngozi huvutwa kando ya kikoromeo ili wembe upite mahali palipo bapa.

Mzunguko wa kwanza hufuata mlalo. Wa pili hukingama, baada ya kupaka povu upya. Wa tatu huenda kinyume, na si wa lazima. Lengo la kila mzunguko ni kupunguza ndevu, kazi ya kumaliza kila kitu kwa mara moja ni ya mwenye kutafuta damu. Kwa wiki mbili za mwanzo mzunguko mmoja unatosha kabisa, na uso utakaobaki na ukakasi kidogo jioni ni bei ndogo ya kujifunza bila kuungua. Ndevu hukua karibu theluthi moja ya milimita kwa siku. Kuhangaikia ulaini wa mtoto mchanga kila asubuhi ni kushindana na kitu kinachorudi kabla ya chakula cha mchana.

Kwa mwenye nywele za kujikunja, kama walivyo Waafrika wengi, mambo haya yanagusa afya ya ngozi. Unywele uliokatwa chini ya usawa wa ngozi huwa na ncha kali, na kwa kuwa umejipinda hutoboa ukuta wa kinyweleo au huinama ukaingia ngozini upya. Mwili huuona kama mwiba, na hapo huja vipele, madoa meusi, na kwa wengine makovu ya kuvimba shingoni. Wembe mmoja usiovuta unywele hupunguza hatari, ila faida hiyo hupotea mara moja mnyoaji akivuta ngozi kwa nguvu au akinyoa kinyume. Kwa hiyo kanuni ya watu hawa ni fupi zaidi: mzunguko mmoja au miwili, daima kufuata mlalo au kukingama, ngozi isivutwe, na wembe ubadilishwe mapema kuliko desturi. Unywele ulioingia ndani huinuliwa kwa sindano safi ncha itoke, haung’olewi. Vipele vikishamiri, ndevu huachwa bila kunyolewa kwa wiki kadhaa hadi ngozi itulie. Wapo ambao hata baada ya yote haya ngozi yao inakataa wembe, na kwao mashine inayoacha milimita moja ndiyo jibu sahihi. Vipele vyenye usaha ni vya daktari wa ngozi.

Baada ya wembe, uso huoshwa kwa maji baridi. Kisha huja shabu. Watu wa pwani huifahamu kwa kutuliza maji machafu na kwa makwapa. Kwenye kunyoa, jiwe lake huloweshwa na kupitishwa usoni, hukaza ngozi na kukausha mikwaruzo. Lina kazi nyingine ambayo haiandikwi kwenye kasha: huwasha pale tu ambapo mkono ulikandamiza. Anayesikia mwasho upande wa kushoto wa taya kila mara amekwisha kuambiwa kosa lake liko wapi. Shabu huoshwa baada ya dakika moja. Spiriti ambayo vinyozi wengi huipaka huua vijidudu, lakini hukausha ngozi ikachubuka kwa siku mbili, na nyumbani haina ulazima. Maji ya waridi ni mbadala wa kuburudisha. Yale ya Jebel Akhdar nchini Oman, ambako waridi huchumwa majira ya Aprili na kutoneshwa, yana harufu ya moshi kidogo inayokaa vizuri juu ya uso ulionyolewa. Mwisho hupakwa mafuta mepesi au krimu isiyo na manukato mengi.

Wembe wa kukunja ni dunia nyingine, na hautakiwi kuwa hatua ya kwanza. Kila mara kabla ya kunyoa hupitishwa kwenye mkanda wa ngozi mara 30 hadi 60, mgongo ukitangulia na makali yakifuata. Mkono ukikosea mara moja, mkanda hukatwa. Baada ya miezi kadhaa hurudishwa kwenye kinoo, tena kinoo laini cha daraja la 8000 au zaidi. Mbavu za wembe hulala juu ya jiwe, mgongo wenyewe ukiwa ndio unaoshikilia pembe. Wanaoupenda huhesabu manyoleo mia kabla ya mkono kutulia. Kinachowarudisha ni kwamba wembe wa aina hii, ukitunzwa, hurithiwa. Anayetaka ladha yake bila vinoo hutumia kishikio cha vinyozi kinachobana nusu ya wembe wa dukani, akijua kuwa hicho ni kikali kuliko wembe wa kukunja wenyewe na hakisamehe.

Upande wa ukusanyaji una raha yake. Vishikio vya zamani vya shaba iliyopakwa nikeli au dhahabu bado hupatikana katika masoko ya mitumba na makabati ya wazee, na mara nyingi vinanyoa kama siku vilipotoka kiwandani. Vile vya Gillette ya Marekani vya miaka ya 1950 na 1960 vina herufi na namba chini ya kichwa: A ni 1955, B ni 1956, na kuendelea, namba ikiwa ni robo ya mwaka. E-3, kwa mfano, kilitengenezwa kati ya Julai na Septemba 1959. Kinachotafutwa sana ni kile kinene kinachorekebishwa ukali kwa gurudumu lenye namba 1 hadi 9, cha mwishoni mwa miaka ya 1950. Kwa kusafisha hutosha mswaki wa zamani, maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo; kemikali za kusafishia bafu hula dhahabu.

Msafiri wa ndege aweke nyembe kwenye mzigo wa kupakiwa, kwa sababu wembe wa makali mawili huchukuliwa kwenye ukaguzi hata ukiwa ndani ya karatasi. Kishikio kitupu kwa kawaida huruhusiwa.

Zinabaki nyembe zilizotumika. Zisitupwe wazi kwenye jalala, ambako mikono ya wakusanya taka na ya watoto huzifikia. Nyumba nyingi za Marekani za karne ya 20 zilikuwa na mwanya mdogo ndani ya kabati la bafuni, na nyembe zilidondoshwa humo zikajazana ndani ya ukuta; mafundi wanaobomoa kuta hizo leo hukuta lundo lenye kutu. Kopo la maziwa lililotobolewa mfuniko kwa upana wa wembe hufanya kazi hiyo vizuri zaidi. Anayetumia wembe mmoja kwa wiki huweka humo nyembe 52 kwa mwaka, ambazo zikipangwa moja juu ya nyingine ni kimo cha nusu sentimita. Kopo likishajaa, baada ya miaka mingi, mwanya hufungwa kwa utepe na kopo zima hupelekwa kwa mnunuzi wa vyuma chakavu akiambiwa kilichomo.